Ulizeni Damu Inakwama Wapi

Marko anatusimulia katika sura ya 5 ya Injili yake habari za mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12. Mnamjua. Tumemhubiri mara nyingi kama mfano wa imani, na ni mfano wa imani kweli. Leo nawaomba mumsome tena kwa jicho la mtu anayeuguza. Mama yule alikuwa amezunguka kwa waganga wengi, amemaliza kila alichokuwa nacho, na hali yake ikazidi kuharibika. Alipoligusa vazi la Yesu, Marko hatuambii kwamba alianza kwa kurudishiwa nguvu, wala kwamba uso wake ulirejewa na rangi. Anatuambia kwamba kule kutokwa na damu kulikoma. Uponyaji ulikwenda moja kwa moja kwenye chanzo, na mengine yakafuata nyuma.

Nawaletea habari hii kwa sababu nyumba zetu zimejaa watu waliopungukiwa damu, nasi tunapambana na upungufu huo bila kutafuta unatoka wapi. Mama akipimwa zahanati akaambiwa damu yake ni 8, ukoo mzima unasimama. Shangazi anakuja na bitiruti. Jirani anachemsha rosela. Matembele yanachumwa kila jioni, maini yananunuliwa hata kwa mkopo, na kutoka duka la dawa vinaletwa vidonge vya kuongeza damu. Huo ni upendo, na Mungu auhesabu. Wengi wamepona kwa njia hiyo, maana upungufu wa madini ya chuma ndio unaoongoza duniani kwa kuwapunguzia watu damu. Lakini wako wengine. Miezi inapita, vidonge vinaisha, damu inapimwa tena, na bado ni 8. Hapo minong'ono inaanza. Huyu hali vizuri. Huyu hafuati masharti. Huyu ananyonywa damu usiku. Na mgonjwa aliyekwisha kuchoka anatwishwa aibu juu ya ugonjwa.

Ndugu zangu, hakuna anayemnyonya! Chuma kimo mwilini mwake, tena huenda kimo tele. Kimefungiwa, na aliyekifungia ni mwili wake mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna vita ambavyo hakuna aliyeviona. Sababu hii ni ya pili duniani kwa kupunguza damu, na makanisani kwetu hatujapata kuitaja.

Tazameni jinsi Muumba alivyopanga mambo. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza chembe mpya kama milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana, hata sasa unaposoma mstari huu. Kazi hiyo inahitaji miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku. Je, zinatoka sahanini? Hapana. Chakula cha siku nzima, hata kikiwa kizuri, huingiza mwilini miligramu 1 au 2 tu. Zilizobaki zote hutoka kwenye chembe nyekundu zilizozeeka. Katika bandama na ini zimo chembe kubwa ziitwazo makrofaji. Hizo huzimeza chembe kuukuu, huchambua chuma kilichomo, na kukirudisha kwenye damu kisafirishwe tena hadi kwenye uboho. Mtu mzima ana gramu 3 au 4 tu za chuma mwilini kote, na anaishi kwa chuma hichohicho mwaka baada ya mwaka, kikizunguka na kupotea kidogo sana tu. Mimi nikilitafakari jambo hili nashindwa kukaa kimya.

Basi ndani ya mpango huu unaingia mchochota. Ukijikata kidole unauona kwa macho: mahali panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma, na baada ya siku chache pamepona. Huo ni msaada. Mchochota ninaouhubiri mimi ni ule usiokoma, unaokaa pafuni, au kwenye viungo, au kwenye figo, kwa miezi na kwa miaka. Askari wa mwili wanapopigana hutoa kemikali za kupeana habari, na mojawapo huitwa interlukini-6. Habari hiyo ikifika kwenye ini, ini hutoa homoni ndogo iitwayo hepsidini. Hepsidini huifuata protini iitwayo feroportini, ambayo ndiyo mlango pekee wa chuma kutoka ndani ya chembe na kuingia kwenye damu. Huikamata, na chembe huimeza na kuivunja. Mlango haupo tena.

Milango hiyo iko mahali pawili panapotuhusu. Iko kwenye utumbo, ambako chuma cha chakula na cha vidonge hupita, na iko kwenye makrofaji, ambako chuma cha zamani hurudishwa. Kote kuwili kunafungwa. Chuma cha matembele yale yaliyochumwa kwa upendo hubaki ndani ya chembe za utumbo, na siku chache baadaye zikibanduka hutoka nazo na choo. Chuma cha makrofaji hubaki ndani ya makrofaji. Uboho unangoja miligramu zake 20, hazifiki. Wakati huohuo figo, ambazo huuhimiza uboho kwa homoni ya erithropoietini, hazitoi ya kutosha. Uboho wenyewe unakuwa mzito kuitikia. Nazo makrofaji zilizochangamka kwa vita huzimeza chembe nyekundu kabla siku zake hazijatimia. Hivyo ndivyo mtu anavyopungukiwa damu bila kumwaga hata tone.

Kwa nini mwili ujinyime hivyo? Kwa sababu vijidudu navyo vinahitaji chuma ili viishi na kuzaana. Wazee wa kijiji kinachovamiwa hufukia mtama chini ya ardhi ili adui asiule. Uvamizi ukipita baada ya wiki, mtama unafukuliwa na maisha yanaendelea. Uvamizi ukidumu miaka miwili, adui kweli hali, lakini hata watoto wa nyumbani wanalala njaa juu ya shimo lililojaa nafaka.

Madaktari waliliona jambo hili tangu zamani. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, George Cartwright na Maxwell Wintrobe walichunguza damu za watu wenye maambukizi ya muda mrefu, wakaona chuma kinachosafiri kwenye damu kimeshuka ingawa akiba haikuisha. Walijua chuma kimefungiwa, hawakumjua aliyefunga. Hepsidini yenyewe ilipatikana mwaka 2000 na 2001, kwa kazi ya watafiti wa Ujerumani na ya kikundi cha Tomas Ganz katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Na mwaka 2004 Elizabeta Nemeth na wenzake wakaonyesha jinsi inavyoiangamiza feroportini. Fikirini, wapendwa: wako wachungaji kati yetu waliowekewa mikono kabla homoni hii haijajulikana. Siwalaumu wazazi wetu kwa kutojua. Lakini sisi tumekwisha kujua, na anayejua akanyamaza mbele ya mgonjwa atatoa hesabu.

Tena hatuna haja ya kwenda Los Angeles kujifunza kwamba mwili una sababu ya kuficha chuma. Twendeni Pemba. Katika kisiwa hicho, wakati malaria ilipokuwa kali, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waliingizwa katika utafiti. Baadhi yao walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, na wengine hawakupewa. Nia ilikuwa njema kabisa: watoto wetu wana damu kidogo, basi tuwape chuma. Mwaka 2003 sehemu iliyohusu chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa watoto waliopewa chuma walilazwa hospitali na kufariki zaidi kuliko wenzao. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet. Lakini humohumo likaonekana jambo jingine: watoto ambao kweli walipungukiwa chuma, na wakafuatiliwa kwa karibu, chuma kiliwasaidia. Kidonge ni kilekile. Kwa mtoto mmoja ni uhai, na kwa mwingine mwenye vijidudu vya malaria damuni ni hatari. Leo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba palipo na malaria, chuma cha watoto kiende pamoja na kinga na matibabu ya malaria. Akina mama wa Pemba walilipa gharama kubwa ili dunia ijue hili. Itakuwa aibu kwetu, tunaosema lugha yao, tukiwa wa mwisho kulisikia.

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Nilikaa kando ya kitanda cha mama mmoja, mwimbaji wa kwaya, muuza dagaa sokoni. Alikuwa ametumia vidonge vya kuongeza damu kwa miezi mingi kwa uaminifu, na kila asubuhi alikunywa bilauri ya bitiruti. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama havijawahi kushika kazi. Daktari aliyemhudumia, binti wa umri wa wanangu, alimvuta chini kope la jicho, akatazama, kisha akaketi kitandani na kuanza kumuuliza. Mama, unakohoa? Kidogo, mwanangu, ni vumbi la dagaa. Tangu lini? Tangu kabla ya Pasaka. Usiku unatoka jasho? Hapo yule mama akanyamaza, akanitazama mimi mchungaji wake, halafu akasema polepole kwamba kila usiku anabadilisha kanga mbili, na asubuhi anazianika nyuma ya nyumba ili watu wasizione. Karatasi ya maabara ilionyesha damu 8.4, na feritini, kile kipimo cha akiba ya chuma, ilikuwa juu. Akiba ilijaa! Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Alimeza dawa za kifua kikuu kwa miezi 6, na daktari hakumwandikia kidonge hata kimoja cha chuma. Damu yake ilipanda yenyewe hadi 12. Vita vilikwisha, hepsidini ikashuka, na milango ikafunguka.

Sikieni basi, maana kifua kikuu si peke yake. Virusi vya Ukimwi vikiachwa bila dawa huwasha mchochota mwili mzima. Baridi yabisi inayovimbisha vidole vya mama zetu kila asubuhi hufanya vivyo hivyo, na bibi anaambiwa ni uzee. Donda la mguu lisilofunga, mfupa wenye usaha, saratani iliyojificha, maradhi ya utumbo ya muda mrefu, moyo ulioshindwa. Kichocho, ndugu zangu wa kando ya Ziwa Victoria, hupunguza damu kwa njia mbili, kwa kuivujisha na kwa mchochota. Na figo zinapokufa taratibu kwa shinikizo la damu au kisukari, mtu hupungukiwa damu kwa sababu ile homoni ya kuhimiza uboho imekauka mahali inapotengenezwa, na hepsidini ambayo figo zilipaswa kuisafisha inajazana. Huyo bitiruti haitamfikisha popote. Anahitaji daktari wa figo, na mara nyingi sindano za homoni na chuma cha kupitisha kwenye mshipa.

Asitoke mtu hapa akatupe vidonge vyake. Mama mjamzito, meza vidonge ulivyopewa kliniki. Wewe na mtoto mnavihitaji. Binti unayetokwa na damu nyingi kila mwezi, huenda chuma ndicho hasa kilichopungua. Tena yako mambo yanayokuja pamoja: mtu anaweza kuwa na mchochota na wakati huohuo akiba yake ya chuma ikawa imeisha kweli, na hapo ni daktari tu anayeweza kuvitenganisha kwa vipimo. Ninachokikataza ni kutosheka na kidonge. Mwanamume mwenye damu chini ya 13, mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, mjamzito chini ya 11 (au 10.5 katika miezi mitatu ya kati), hao wamepungukiwa, na kila mmoja wao ana sababu yenye jina. Kuongezewa damu kunaweza kumwokoa mtu usiku ule anapokata roho, nami nawasihi vijana waendelee kuchangia damu. Lakini chembe alizoongezewa nazo zitazeeka na kufa, na ugonjwa utakuwa bado umekaa palepale.

Sasa naongea na ninyi wahubiri wenzangu, na ninaongea kwa hofu ya Mungu. Mtu akija mbele ya madhabahu amepauka, anahema kwa kupanda ngazi tatu, mwombeeni. Mwekeeni mikono. Kisha mwulizeni amepimwa nini. Msimwambie kwamba kuna jini linalomnyonya, wala shangazi yake aliyemtupia jicho. Maneno hayo yamevunja koo, yamewafukuza vikongwe vijijini, na hayajarudisha hata chembe moja ya damu. Na yeyote kati yetu aliyewahi kumwambia mgonjwa aache dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi kama ushahidi wa imani, aache leo, aende akamtafute mgonjwa yule nyumbani kwake, ampeleke kliniki kwa mkono wake mwenyewe. Bwana Yesu hakuona haya kushughulika na damu ya mwanamke mbele ya umati. Sisi ni nani hata tuone haya kuuliza juu ya kikohozi?

Ninyi mnaouguza, acheni kumlaumu mgonjwa kwa sahani yake. Nimeona mke akilia kwa sababu wakwe walisema hajui kumlisha mume, kumbe mume ana saratani. Nimeona mzee akilazimishwa kula maini mpaka akatapika. Mpikieni anachoweza kula, naam, na mboga za majani msiziache, lakini fedha ile mliyotaka kununulia kilo nyingine ya maini, mpeni iwe nauli ya kwenda hospitali.

Wauguzi na waganga wa zahanati, nawajua mnavyochoka. Foleni ni ndefu, na kipimo cha feritini hakipo katika vituo vingi. Lakini maswali mnayo. Unakohoa? Umekonda? Unatoka jasho usiku? Viungo vinavimba? Mkojo ukoje? Una donda? Umepima virusi? Kabla mkono haujashika kopo la vidonge kwa mara ya tatu kwa mgonjwa yuleyule, ulizeni hayo, na asiyeeleweka mwandikieni rufaa. Mgonjwa ambaye damu haipandi baada ya wiki kadhaa za vidonge anavyovimeza kweli amekwisha kuwaambia jambo.

Na wewe mgonjwa mwenyewe, mpendwa wangu. Yule mama wa Injili, Yesu alipouliza ni nani aliyemgusa, alitoka mbele akitetemeka akaeleza habari zake zote, bila kuficha, ingawa zilikuwa habari za aibu kwa siku zile. Fanya hivyo mbele ya daktari. Usiseme ni vumbi. Usifiche kanga. Sema umeanza lini kukohoa, sema kama uliwahi kuanza dawa ukaziacha, sema kuhusu dawa za mitishamba unazokunywa, sema kama choo ni cheusi. Ukiambiwa damu imepungua, usinyanyuke kwenye kiti mpaka umeuliza: imepungua kwa sababu gani? Ukijibiwa kwamba ni lishe tu, na wewe unakula, na vidonge umemeza, uliza tena kwa heshima. Ni haki yako, na ni mwili aliokukabidhi Mungu uutunze.

Ninajua wapo mnaosoma haya mkiwa na karatasi ya maabara ndani ya Biblia, mliyoikunja tangu mwezi uliopita. Wapo wenye kikohozi kilichopita wiki mbili, nguo za kiunoni zimelegea, na mnasema mtakwenda baada ya mavuno au baada ya ada ya watoto. Msingoje. Nendeni kesho asubuhi na karatasi hiyo, pamoja na mtu wa kuwashika mkono. Katika vituo vya afya vya serikali, Tanzania na Kenya, kupimwa kifua kikuu ni bure, na dawa zake za miezi 6 ni bure.